Maji Hayalali Mshazari

Bishkek, 6 Aprili

Taalai mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sabyr dereva kanifikishia soksi yako jana, na ndani yake kadi ya droni pamoja na kurut za Mama, vile vidonge vya jibini. Sasa kadi nzima inanuka maziwa makavu, na hapa studio kila anayepita mezani kwangu anauliza nani kaficha mbuzi. Mwambie Mama kurut zote nimezila njiani kabla sijafika chumbani, na ahsante sana.

Tuje kwenye kazi. Picha zako nzuri, mlima umetakata, mwanga wa asubuhi umekaa mahali pake, lakini zimelala upande. Zote. Nyumba yetu inaonekana kama inataka kuteremka ikamsalimie jirani. Bosi wangu Ermek kazitazama, kainamisha shingo, kaniuliza kama kwetu watu wanazaliwa na mguu mmoja mfupi. Nikamjibu ndiyo, ndiyo maana tunapanda mlima bila kuchoka. Lakini moyoni niliona aibu, maana ni mimi niliyemwambia asinunue picha za milima za kutia katikati ya video zake za harusi, nina ndugu mwenye droni.

Nimezinyoosha, usijali. Ndiyo kazi yangu ya kila siku hapa. Nachukua paa la nyumba yetu liwe rula, naizungusha picha mpaka paa lilale sawasawa, kisha naikuza kidogo zile pembe tupu zisionekane. Ukinyoosha lazima upoteze pembe. Safari hii limekatika bwawa lote kule chini na kipande cha anga, hasara ndogo.

Ila siwezi kukunyooshea maisha. Tatizo ni kile kishingo kinachoishika kamera, kimesahau kipi ni sawa. Iweke droni mahali palipo tambarare kabisa, iwashe, iache itulie bila kuigusagusa, halafu kwenye simu ubonyeze pale pa kuisawazisha. Na usiirushe kutoka mgongoni mwa farasi. Nakujua.

Mama hajambo? Bado anapanda na kikaango kila Alhamisi? Tangu mlima umwangukie Baba kule zizini, miaka tisa sasa, mvua za Aprili zikianza mimi nafunga madirisha yote, hata nikiwa huku ghorofani. Najua unaninung'unikia kwamba siji. Wacha kwanza nipaone nyumbani kutoka juu, kwa droni. Kutoka juu ninaweza.

Dada yako,
Kunduz


Tash-Kechuu, 14 Aprili

Dada Kunduz,

Barua imefika. Mama kasema nikuandikie kwamba kurut si njugu, zile zilikuwa za mwezi mzima. Ningekupigia simu nikwambie mwenyewe, lakini unajua simu inashika pale darajani tu, na pale darajani kuna benchi, na hilo benchi lina masikio mengi kuliko watu waliolikalia. Tuendelee na soksi.

Nimefanya ulivyosema. Uani hapafai, mawe matupu, kwa hiyo nimeondoa zulia katika chumba kikubwa nikaiweka droni katikati ya sakafu, pale tunapokalisha wageni wa heshima. Ikazungusha kichwa kama bundi, ikatulia, simu ikasema tayari. Nimeruka nayo bonde zima. Nimewapata na farasi wawili wa Jumabek waliopotea tangu theluji ilipoyeyuka, sasa jirani huyo ananiita mheshimiwa. Kadi ndiyo hii.

Zile picha za kwanza, zilizolala upande, nilimwonyesha Mama kwenye simu nikidhani atacheka. Hakucheka. Akasema kamera haina kosa, ni baba yenu anajigeuza, kalalia ubavu mmoja muda mrefu. Akachukua mafuta na unga akapanda. Mikate saba kama kawaida, anaikaanga palepale kwenye jiwe jeupe aliloliweka pale lilipokuwa zizi, mafuta yanukie, marehemu ashibe harufu. Anasoma aya anazozijua, anakula mmoja, mingine anawagawia watoto njiani akishuka.

Nilimwuliza kwa nini asikaangie nyumbani kama wenzake. Kaniambia wenzake watu wao wana makaburi, roho inatoka kaburini inajua njia ya nyumbani. Baba hakuonekana hata kiatu, ataijuaje njia?

Sisi huku salama. Mlango wa mbele umevimba kwa unyevu, nimeuranda, unafungika. Sina zaidi.

Mdogo wako,
Taalai


Bishkek, 22 Aprili

Taalai,

Kadi ya pili nimeipata. Paa sawa, ukuta sawa, nguzo za umeme zimesimama wima kama askari. Nikasema haya, kijana kajifunza. Nikaanza kuzikatakata nizitie kwenye harusi ya mtu. Halafu nikaliona bwawa.

Bwawa limelala mshazari, Taalai. Maji yote yamepanda upande mmoja, kama chai ndani ya kikombe ulichokiinamisha. Kwanza nilikasirika, nikasema huyu mtoto sasa kaiharibu upande wa pili. Nikaishika picha niinyooshe, na safari hii nikachukua maji yawe ndiyo rula. Maji yakalala sawa. Nyumba yetu ikainama. Paa, ukuta, uzio, nguzo zote tatu, hata ile miti ya mipopla aliyoipanda Baba, vyote vimeegemea kule bondeni.

Nikarudi kwenye kadi ya kwanza, zile picha kabla sijazigusa, pamoja na pembe nilizozikata. Bwawa liko sawasawa kabisa. Nyumba ndiyo imeinama. Nikafungua na zile ulizonitumia vuli, ulipoinunua tu hiyo droni. Bwawa sawa, nyumba imeinama kidogo, kidogo tu, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nikaondoka mezani nikaenda kusimama kwenye ngazi, na hata pale ngazini nilishika ukuta, maana niliona kila kitu kinateremka.

Kamera yako ilikuwa nzima tangu mwanzo. Ilikuwa inasema kweli mpaka mimi nilipokwambia uisahihishe, nawe ukaiweka juu ya sakafu iliyoinama ukaifundisha kwamba hiyo ndiyo sawa. Na mimi huku ninanyoosha nyumba inayoanguka ili ipendeze kwenye harusi za watu. Maji hayalali mshazari, mdogo wangu. Ni sisi watu tunaozoea. Ukikaa ndani ya nyumba inayoinama polepole, na jicho linainama nayo, na miguu inajua yenyewe namna ya kusimama.

Sasa nijibu kama mtu mzima. Huo mlango umeuranda mara ngapi? Kuna nyufa ardhini, huko juu ya nyumba? Chemchemi inatoa maji au inatoa tope? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mlima ulishakula mmoja kwetu na uliondoka na mwili wake, na mimi bado nina watu wawili juu yake.

Kunduz


Tash-Kechuu, 30 Aprili

Dada,

Nimekaa na kalamu hii siku nyingi kama mwanafunzi asiyejua jibu, na jibu ninalo.

Mlango nimeuranda mara tatu. Nyufa zipo, juu kidogo ya nyumba. Ule wa kwanza nilikuwa nauvuka bila kuinua mguu, sasa ng'ombe anauogopa. Chemchemi imehama, inatokea chini ya ukuta wa Jumabek, na Jumabek mwenyewe kafunga mizigo kaondoka. Watu wa wilaya walikuja wakapiga vigingi, wakasema mlima unateremka na mvua za Mei hautazimaliza. Wametupa kiwanja kule tambarare, kwenye barabara ya bwawa. Sikukwambia kwa sababu Mama aliniapisha kwa mkate mkononi, unamjua akishika mkate.

Hataki kuhama. Nimembembeleza, nimemkasirikia, nimemletea imamu. Imamu alikunywa chai akaondoka. Mama ana neno moja tu.

"Nikishuka, nani atamtolea baba yenu harufu? Akae na njaa mpaka Kiyama, peke yake chini ya udongo?"

Na kuna jambo jingine ambalo nilitaka lisiandikwe popote. Ukuta unalia. Usidhani naota, ni mchana, jua linawaka, tunakunywa chai. Unatoa sauti ndefu, kama mgonjwa anayegeuka kitandani. Mimi najua ni mbao na udongo. Mama akiisikia anaweka kikombe chini, anajibu kwa adabu, "Naam, nipo." Mara ya kwanza nilicheka. Juzi uliponguruma Mama alikuwa nje anakamua, na nilisikia mdomo wangu wenyewe ukisema, "Naam, Baba." Nimeogopa, Dada. Nauogopa mlima, namwogopea Mama, na sasa najiogopa mwenyewe.

Mimi Mama hanisikii, kwake bado ni yule mtoto wa kubebwa mgongoni. Wewe anakuamini. Tangu asome barua yako ya maji anawaambia watu binti yake yuko Bishkek na anauona mlima ukitembea. Kwa hiyo nakuomba kitu kibaya. Jiwe jeupe halijasogea hata kidogo, limekaa juu ya mwamba. Mlima unateremka, jiwe limebaki, na kwa Mama hiyo maana yake ni moja, Baba hataki kuondoka. Mwandikie. Mwambie umepima kwa picha ukaona udongo uliokuwa chini ya jiwe umeshuka zamani, na Baba kashuka nao. Mwambie Baba amehama.

Ni uongo, ninajua. Nimerusha droni juu ya mlima mzima, kuanzia zizini mpaka barabarani, kadi hiyo hapo. Chagua mahali.

Taalai


Bishkek, 8 Mei

Taalai,

Hii ndogo ni yako, isome uichome. Ile ndefu mpe Mama, na picha mpe mkononi.

Nimekaa mbele ya picha hiyo asubuhi nzima. Nimeinyoosha kwa maji ya bwawa mpaka haina kasoro, sikukata hata pembe moja, nikasema kama nitamdanganya Mama basi picha yenyewe iwe ya kweli. Nimeichapisha kubwa. Halafu nikachukua kalamu nyekundu nikachora duara. Sikupima chochote. Nilitafuta tu mahali pale mlima unapoishia, karibu na barabara ya viwanja vipya, kwa sababu magoti ya Mama yamechoka kupanda. Basi, hakuna hesabu nyingine.

Mkono ulikuwa mzito. Nilihisi kama ninambeba, Taalai, kweli kabisa, kama nimemshika kwapani ninamteremsha. Nilipomaliza nilifunga mlango wa studio nikalia, Ermek akadhani nimeachwa na mwanamume. Mungu anisamehe.

K.


Bishkek, 8 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia wewe mwenyewe, si kupitia kwa Taalai.

Nimezilinganisha picha zote, za vuli na za sasa. Jiwe lako jeupe limekwama kwenye mwamba, ndiyo maana unaliona palepale. Lakini udongo wa chini yake umekuwa ukishuka mwaka hadi mwaka, na kilichokuwa ndani ya udongo kimeshuka nao. Baba hayuko tena kule juu. Tazama duara jekundu. Kwa hesabu zangu yupo hapo, chini, karibu na barabara. Amehama, Mama. Kule juu unalikaangia jiwe.

Kutoka kiwanja kipya mpaka hapo ni kutembea tu, hakuna kupanda. Shuka, nakuomba. Ukibaki kule juu wewe ndiye utakayemwacha peke yake.

Binti yako,
Kunduz


Viwanja vipya, Tash-Kechuu, 21 Mei

Dada Kunduz,

Tuko hai. Naanza na hilo, mengine yafuate.

Mama aliisoma barua yako amesimama. Akaishika picha kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza swali moja, kama Kunduz kapima mwenyewe. Nikasema ndiyo, kapima mwenyewe. Akakaa chini. Akasema, "Basi kachoka kunisubiri, katangulia." Siku hiyohiyo akaanza kufunga vyombo. Tumeng'oa madirisha, tumeng'oa mabati, tumebeba milango. Nyumba ikiwa haina paa tena alirudi ndani akafagia sakafu, akasema huwezi kuiacha nyumba chafu ikimsubiri mgeni wake.

Mvua ikanyesha, na Ijumaa iliyofuata, watu wanatoka msikitini, mlima ukashuka. Tuliuona kutoka hapa. Sikuwahi kujua kwamba hauna haraka. Mipopla ya Baba ilitembea imesimama, Dada, kipande kirefu, kama watu wanaosindikiza, halafu ikalala mmoja mmoja. Nyumba sikuiona ilipokwenda. Hakufa mtu. Udongo umefika mpaka karibu na barabara, ukasimama. Nilikushukuru kwa sauti, mbele za watu, na hakuna aliyejua nashukuru nini.

Sasa sikiliza. Mama alikwenda pale penye duara Alhamisi ya kwanza, picha mkononi, akageuka huku na huku mpaka akapapata. Akakaanga, akasoma, akarudi ana furaha kama binti. Mimi nikasema alhamdulillahi, yameisha. Hayakuisha. Jioni ile akasema kwamba miaka yote Baba alikuwa chini ya mlima, nani angemfukua. Lakini sasa mwenyewe kashuka mpaka mahali jembe linafika, na kumwacha bila sanda na bila sala ni dhambi yetu. Kaenda nyumba kwa nyumba. Wanaume wameahidi Alhamisi ijayo baada ya sala ya alfajiri. Kanunua sanda. Kaazima hema la sufu la Jumabek, ambaye naye sasa yuko huku viwanjani, kwa ajili ya matanga. Hana shaka hata chembe.

Watachimba, na hawatakuta kitu. Na yeye hatawaacha waache. Atasema wameteleza kidogo kulia, wameteleza kidogo kushoto, wataufukua uwanda mzima. Juu ya pale bado umening'inia ubavu wa mlima uliobaki, watu wa wilaya wameweka utepe, Mama kaupita kama uzi wa kushonea. Wanaume kumi watakuwa chini yake kwa sababu ya kalamu yako na domo langu.

Nimefungua kinywa kumwambia, sijui mara ngapi, kikajifunga. Anaikunja sanda, anaikunjua, anaipima kwa mkono. Wewe ndiye uliyechora. Niambie nifanye nini.

Taalai


Bishkek, 25 Mei

Mama,

Nimepiga simu mpaka kidole kimekufa ganzi, tangu mlima ushuke hata darajani haishiki tena. Sabyr anaondoka kesho, nimemsihi asilale popote. Naomba hii ikufikie kabla hujavaa viatu.

Pale hayupo. Nilikudanganya. Sikupima, Mama, na picha haziwezi kupima kitu kama hicho. Kamera inaona majani na mawe, haioni aliye chini. Nilikuwa nakuogopea, nyumba ilikuwa inakuangukia, na sikuwa na maneno mengine ambayo ungeyasikia. Nilichukua kalamu nyekundu nikachora mahali ambapo magoti yako yangefika bila taabu. Ningeweza kuchora popote. Taalai alijua, lakini uongo niliuandika mimi, usimwadhibu yeye.

Waambie wanaume warudi. Ubavu uliobaki unaweza kuja siku yoyote, usiwaue watu kwa ajili ya duara langu. Baba hatujui alipo. Sijui kama tutajua.

Ningekuja kukwambia mwenyewe. Nilifika mpaka kituo cha magari, nikasimama pale, nikarudi. Sijui nitakutazamaje usoni. Nimemfanya baba yangu kitu cha kusogeza kwenye picha, na kila nikifumba macho namwona ananisubiri pale nilipomweka, akishangaa kwa nini nimemwita halafu siji. Nisamehe ukiweza. Usipoweza nitaelewa.

Kunduz


Viwanja vipya, 28 Mei

Kunduz binti yangu,

Barua yako Sabyr kaniletea jana jioni. Nimeisoma mara moja, imenitosha. Unaniandikia kwamba pale hayupo. Maneno hayo nimeyasoma nikiwa nimekaa ndani ya hema la Jumabek, na baba yako amelala nyuma ya pazia, ningenyoosha mkono ningemgusa.

Walimfikia jana hiyohiyo, jua halijapanda sana. Hakuwa chini mno. Kwanza ilitoka hatamu, na mifupa ya yule farasi wa kijivu aliyempanda kwenda zizini, halafu yeye. Mkanda wake niliutambua kabla hawajaupangusa udongo. Alikuwa amelala ubavu wa kuume, uso ameuelekeza kibla, na hakuna mtu aliyemlaza. Wanaume waliweka majembe chini, imamu akashindwa kusoma. Taalai alikaa kwenye udongo akaanza kucheka, nikadhani kapagawa, kumbe ni kilio kimekosa mlango. Ndipo akaniambia yote, duara na kile kijibarua cha kuchoma. Nimempiga kofi moja mbele za watu. Lako lipo, nimekuwekea.

Unasema ulipachagua kwa kuyahurumia magoti yangu. Sikiliza, mwanangu. Katika nyumba ile mtu aliyeyahurumia magoti yangu alikuwa mmoja. Asubuhi ile zamu ya kupanda zizini ilikuwa yangu. Mvua ilikuwa inanyesha, nikasimama niifunge shela, akaniambia kaa, Kalbubu, magoti yako yanalia, nitakwenda mimi. Sikuwahi kuwaambieni. Wewe ulikuwa huko Bishkek na Taalai alikuwa amelala. Neno hilo hapa duniani tulilijua wawili, mimi na yeye. Kwa hiyo usije ukanifundisha nani aliishika ile kalamu.

Uongo ni uongo na toba utaitubu, lakini si leo, leo kuna kazi. Hema limesimama. Taalai yuko nje ameegemea fimbo analia kama inavyompasa mwana, kila mgeni akifika analia upya, sauti imemkauka. Ndani wanalia wake wa majirani. Wanajua kulia, maneno wanayo, lakini hawakumjua, wanamsifu kwa farasi ambao hakuwa nao. Mahali pa binti, kushoto kwangu, nimezuia mtu asikae. Miaka tisa sikukuita. Nilisema asiyeweza kuja asije, hakuna hata maiti ya kuililia. Sasa ipo. Wazee wamekubali maziko yasubiri mpaka Jumapili, zaidi ya hapo wamekataa.

Barua hii Sabyr atakupa mkononi, na nimemwambia akirudi na kiti kitupu asipite mbele ya nyumba yangu tena. Usinijibu. Panda gari.

Mama yako,
Kalbubu